Mlinzi wa Bahari Aliyewekwa Fukayosi

Dungu la Serikali Namba 7,
Shambani kwa Bi Tatu,
Fukayosi, Wilaya ya Bagamoyo.

19 Oktoba 1943, sawa na tarehe 19 Mfunguo Mosi, au 18 (sababu ya shaka hii imo katika lalamiko la nne).

Kwa Bwana Mkubwa,
Msimamizi wa Idara ya Kuendeleza Mitambo Mipya na Kutunza ya Zamani,
Dar es Salaam.

Bwana Mkubwa mwenye heshima zako,

YAHUSU: MTAMBO WA ZAMANI, AMBAO NI MIMI

Kwanza nakuamkia kwa adabu zote, na nikishakuamkia nakuuliza hali. Kwa kuwa siwezi kungoja jibu ndipo niendelee, nachukulia kwamba hujambo. Mimi sijambo kidogo tu, na maradhi yangu yote yameanzia afisini kwako, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jina langu ni Mwinyimvua bin Msabaha, mzaliwa wa Mlingotini, mlinzi wa pwani tangu vita hivi vilipoanza. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya dungu pale ufukoni na kuitazama bahari tangu jua linapotoka mpaka linapotua. Nikiona chombo kigeni nilipiga baragumu mara tatu, jumbe akasikia, akamtoa mtu wa baiskeli kwenda Bagamoyo, na Bagamoyo wakawapigieni simu. Kwa muda wa miaka mitatu halikupita hata bomba la meli mbele yangu bila kutangazwa, na karani wenu mmoja aliwahi kuandika kwamba macho yangu yanashinda darubini. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, nimeishonea ndani ya mto wangu wa kulalia.

Januari mwaka huu ukaletwa Mlingotini mtambo mpya ambao jina lake ni siri kubwa ya serikali. Jina lake ni rada. Nalitaja bila hofu kwa sababu hata sokoni linatajwa, na Humoud mwenye duka amempa mbuzi wake jina hilo kwa kuwa hatulii. Mtambo wenyewe ni mlingoti wa chuma, juu yake kuna kitu mfano wa kitanda kilichosimamishwa wima, nacho kinazunguka. Chini yake kuna hema, na ndani ya hema kuna kioo ambacho askari hukitazama badala ya kutazama bahari, ingawa bahari iko hatua ishirini nyuma ya migongo yao. Mkuu wao ni Mzungu mmoja mpole, mwenye miwani mizito, ambaye sisi tunamwita Bwana Miwani. Sina ugomvi naye.

Wala sina ugomvi na maendeleo. Barua yako ya mwezi wa Agosti ilipofika, jumbe aliisoma barazani watu wote wakisikia, na mimi nilitokwa na machozi. Uliandika kwamba Idara haitakubali mitambo ya zamani ife eti kwa kuwa imekuja mipya, bali mipya itaendelezwa na ya zamani itatunzwa. Maneno matamu namna hiyo sijayasikia kutoka serikalini tangu nizaliwe, na nimezaliwa chini ya serikali ya Mdachi. Laiti jumbe angeishia hapo. Aya ya pili ilisema kwamba mtambo wa zamani hauruhusiwi kukaa ndani ya maili ishirini na tano za mtambo mpya, kwa kuwa kelele zake na bendera zake zinaweza kuuchanganya. Mtu wa afisini kwako akachukua ramani, akafunga uzi kwenye msumari pale Mlingotini, akauvuta, na ncha ya uzi ikaangukia Fukayosi. Namshukuru Mungu kwamba hakuuvuta upande wa pili, maana hivi sasa ningekuwa nakuandikia kutoka majini.

Hivyo ndivyo nilivyoletwa huku. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Fukayosi hakuna bahari.

Najua neno hili litawashtua wakubwa waliokwisha kunihamisha, kwa hiyo nalithibitisha. Nikikaa juu ya dungu, mashariki naona mihogo ya Bi Tatu. Magharibi kuna mihogo ya shemeji yake. Kaskazini kuna pori, na kusini pori linaendelea. Maji yaliyo karibu ni ya kisima, nami nimekikagua siku tatu mfululizo bila kukuta manowari yoyote. Baragumu nimelipiga mara moja tu, siku ya kwanza, ili kulijaribu, na wanakijiji wakaja mbio na majembe wakidhani kuna moto. Tangu siku hiyo wananitazama kwa jicho la huruma, na huruma hiyo inaniuma kuliko matusi.

2. Mke wangu ameachwa.

Lori lenu lilikuja tarehe 12 ya Ramadhani (au 11). Karani Abdala, ambaye ni kijana wa watu na hana kosa, alishuka na orodha yake akaanza kusoma vifaa vya mtambo wa zamani: dungu moja, ngazi moja, baragumu moja, bendera mbili, mlinzi mmoja. Kila kifaa kilipotajwa kilipakiwa. Mke wangu Adija alikuwa amesimama kando ya njia tangu asubuhi, amejifunga kanga zake mpya, mkeka kaukunja, chungu cha kahawa kakitia katika pakacha. Karani akaitazama orodha mbele na nyuma, akasema mama huyu hamo. Nikamwambia ni mke wangu, tumeoana miaka thelathini na moja. Akajibu kwa upole kwamba orodha ni ya vifaa, na kifaa hakina mke.

Lori likaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, juu ya dungu lililokunjwa, nimelishika baragumu lisivunjike. Adija hakulia wala hakupunga mkono. Alisimama palepale na pakacha lake mpaka vumbi likamficha. Bwana Mkubwa, mimi nimepigwa na mambo mengi katika umri huu, nimezika watoto wawili, lakini siku ile nililia kama mtu aliyefiwa, na dereva wako shahidi.

Nasikia kwamba kila mtambo wa serikali unaruhusiwa kuwa na spea. Mtambo mpya una masanduku kumi na mawili ya spea, nimeyahesabu. Basi naomba Adija binti Mahfoudh aandikwe katika vitabu vyenu kuwa ni spea yangu, apakiwe, aletwe. Sitalalamika juu ya neno hilo, wala yeye hatajua, maana hasomi barua za serikali.

3. Fomu zenu haziafikiani na nguruwe.

Kwa sheria ya siri nimekatazwa kumwambia mtu yeyote ninachokilinda. Matokeo yake Bi Tatu, mwenye shamba hili, mwanamke wa Kikwere mwenye moyo mzuri, anaamini kwamba serikali imejibu ombi lake la mwaka juzi la kuletewa mtu wa kufukuza nguruwe mwitu. Ananiletea ugali kila siku na kuniombea dua. Siwezi kumwambia kwamba nawangoja Wajapani, kwa sababu ni siri, na pia kwa sababu nimejaribu kulisema neno hilo kimoyomoyo nikiwa nimezungukwa na mihogo, na hata mimi sikuliamini.

Hata hivyo sheria inanitaka nijaze fomu kila Ijumaa. Fomu ina vyumba: aina ya chombo, taifa lake, kinatoka wapi, kinakwenda wapi, silaha. Sikutaka kupeleka fomu tupu, nikaandika: nguruwe mwitu, saba, kutoka porini, kwenda kwa Bi Tatu, silaha ni meno. Baada ya siku tisa afisi yako ikanijibu kwa ukali kwamba chumba cha taifa kimeachwa wazi, na kwamba nieleze mara moja kama hao saba wanasafiri kwa msafara unaolindwa. Nikaandika kwamba hawana ulinzi, na kwamba ni wenyeji. Nikajibiwa kwamba ikiwa ni wenyeji, basi hakuna haja ya kuwatolea taarifa.

Jibu hilo nimelisoma mara nyingi. Wazee wa hapa nao nimewasomea, wakaniomba niwasomee tena.

4. Mtambo mpya umetuharibia mwezi.

Kule kwetu, mtu anayeutazama mwandamo wa Ramadhani ni mimi, na kabla yangu alikuwa baba yangu. Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, nilipokuwa bado sijahamishwa, mji mzima ulitoka ufukoni wakati wa magharibi kama desturi, na kulikuwa na wingu. Mwalimu wetu wa msikiti akasema kwamba hakuna haja ya kubahatisha, maana pale kambini pana mtambo unaoona kupita mawingu. Wazee wakaafiki. Wakapelekwa watu watatu wenye heshima zao kwa Bwana Miwani kumwuliza kama mwezi umeandama.

Bwana Miwani ni mtu mkweli. Hakujua tunauliza nini hasa, lakini aliingia hemani, akatazama kioo chake kwa makini, akatoka akatujulisha kwamba huko juu hakuna kitu chochote, anga ni tupu kabisa, tulale kwa amani. Tukarudi na habari hiyo, na kesho yake Mlingotini nzima ikanywa chai asubuhi. Mchana wakaja watu wa Bagamoyo, midomo imewakauka, wakatukuta tunakula samaki wa kupaka. Mwezi ulikuwa umeandama. Ulionekana Bagamoyo, ukaonekana Unguja, ukaonekana hata na wafungwa wanaokata kuni. Rada peke yake ndiyo haikuuona.

Sasa kila mtu Mlingotini ana siku moja ya kulipa, na ubishi umezuka kama deni hilo ni letu au ni la serikali. Mimi rai yangu ni kwamba aliyekosea ndiye alipe. Naomba Idara itoe amri watumishi wake wote wafunge siku moja kutoka alfajiri hadi magharibi, wakiwamo mabwana wakubwa, na waanze na aliyeupitisha mtambo huo kwamba ni mzima. Tumekadiria watu wazima wa Mlingotini kuwa mia mbili na kumi, kwa hiyo mkiwa wachache itabidi mrudie.

5. Ukaguzi wa mitambo ya zamani.

Uliahidi kututunza, na kweli ukamleta fundi. Alifika wiki mbili zilizopita na kopo la grisi, brashi na karatasi ya maswali. Akauliza mtambo una umri gani. Nikasema hamsini na nane. Akauliza umewahi kufunguliwa. Nikasema mara moja, hospitali ya Bagamoyo, ngiri. Akaniambia nipande na kushuka ngazi mara nne, akasikiliza magoti yangu, akaandika kwamba yana kelele lakini yanafanya kazi. Halafu akatafuta pa kuandika namba. Kwa kuwa kila chombo cha serikali lazima kiwe na namba, alitaka kunipaka rangi begani, na tukavutana mpaka Bi Tatu akaja na mchi. Mwisho tukakubaliana aiandike kwenye kofia. Kofia hiyo ilikuwa ya Idi, Adija aliidarizi miezi minne, na sasa ina namba saba nyekundu kubwa mbele na nyuma. Grisi aliniachia. Bi Tatu anaitumia kwenye bawaba za mlango.

6. Idi niliila peke yangu, juu ya dungu, kisamvu bila nazi. Lalamiko hili halina maelezo zaidi.

7. Kunihamisha mimi kumeupofusha mtambo mpya.

Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo zito, na kwa kuwa nilitaka kwanza usome hayo mengine. Mwezi wa Mei mtambo wenu uliona merikebu nne zikija kwa pamoja kutoka upande wa Unguja. King'ora kikalia, watu wakakimbilia mashimoni, ndege ya vita ikaja kutoka Dar es Salaam ikazunguka mara mbili. Walikuwa mwari, ndege wale wenye midomo mirefu, wametulia majini wanavua. Mimi juu ya dungu nilikuwa nimesema toka mwanzo kwamba ni ndege, lakini hapakuwa na mtu wa kunisikiliza, wote walikuwa shimoni.

Toka siku ile Bwana Miwani akawa anakuja kwangu kila alasiri. Anakunywa kahawa ya Adija na kashata, anakaa kwenye mkeka, anauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu leo kuna nini baharini. Mimi namweleza: meli ya mizigo, bomba moja, imekwenda Tanga. Mashua ya forodha. Hakuna kitu. Yeye anaandika katika daftari lake, anarudi kambini, na jioni anawapelekea ninyi habari hizo kuwa ndizo zilizoonwa na mtambo. Sikumlaumu, maana jua la mchana likiwa kali injini yake inazimika, na waya zake zinaliwa na chumvi, na ninyi spea mnazompa ni za kiangazi cha Ulaya. Mwezi wa Julai mkamletea barua ya pongezi, kwamba mtambo mpya umetimiza siku sitini bila kukosea. Alikuja nayo akanisomea, tukafurahi pamoja.

Sasa fikiri, Bwana Mkubwa. Mkaona mtambo mpya unafanya kazi nzuri, mkauondoa wa zamani. Lakini wa zamani ndio uliokuwa unaona. Maana yake tangu tarehe 12 ya Ramadhani (au 11) pwani yote kutoka Kunduchi mpaka Saadani iko wazi, haina jicho, na adui akitaka anaweza kuingia na bendi ya ngoma. Nikilala nalifikiria jambo hili mpaka kunapambazuka. Macho haya mliyoyasifia wenyewe kwa maandishi mmeyaweka yakatazame mihogo.

Baada ya kueleza hayo, naomba moja kati ya mambo yafuatayo. Ombi la kwanza ni kurudishwa Mlingotini kwa lori lilelile, na dungu lisimamishwe pale lilipokuwa. Ikiwa uzi wa ramani hauruhusu, basi naomba mtambo mpya nao uletwe Fukayosi, ili tusiachane, na Bwana Miwani apate mtu wa kumwuliza. Hilo likishindikana, ichimbwe bahari. Nimepima kwa macho, kutoka Bagamoyo hadi hapa ni tambarare kiasi, na watu wa kulazimishwa kuchimba mnajua wenyewe mnakowapata. Na kama hata hilo ni gumu, naomba Wajapani wapelekewe taarifa rasmi kwamba mlinzi amehama, kwa hiyo wakija wapitie barabara ya Morogoro, wakifika Vigwaza wakate kulia, waulize kwa Bi Tatu. Nitawaona. Nitapiga baragumu mara tatu kama sheria inavyosema, na watu watakuja na majembe.

Sina zaidi. Natumaini utaisoma barua hii ukiwa umeshiba na hasira zimekutoka. Nisalimie makarani wote wa Idara, hasa yule aliyeshika uzi, mwambie simchukii. Msalimie karani Abdala na mama yake. Msalimie fundi wa grisi. Bi Tatu anakusalimu sana na anakushukuru kwa kumletea mtu, na jumbe wa hapa naye anakusalimu ingawa hajui wewe ni nani. Barua hii anaichukua Salumu, mpishi wa kambi ya mtambo, ambaye amekuja Fukayosi leo kutafuta mihogo ya askari, naye ameahidi kuitia posta Bagamoyo.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, kifaa cha serikali namba saba,

Mwinyimvua bin Msabaha,
Mlinzi wa Bahari, Fukayosi.

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Mkubwa, nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii, nimelazimika kuikunjua. Nilipokuwa naandika lile lalamiko la saba, juu ya ukali wa macho yangu, nguruwe watano waliingia shambani mchana kweupe wakala matuta manane. Walipita mbele ya dungu. Bi Tatu aliwaona kutoka jikoni kwake akaja mbio na mchi, na baada ya kuwafukuza akapanda ngazi, akaninyooshea vidole mbali kidogo, akaniuliza ni vingapi. Sikujua. Akashuka polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, baba, wewe huoni, mbona hukusema?

Kweli sioni. Karibu naona vizuri, kama mwandiko huu unavyoshuhudia, lakini tangu mwaka juzi kila kilicho mbali kwangu ni ukungu. Wale nguruwe saba wa kwenye fomu nilihesabiwa na Bi Tatu. Na kule Mlingotini aliyekuwa akiona ni Adija. Alikaa chini ya dungu anasuka ukili kutwa nzima, na kikitokea kitu baharini aliniambia bila kuinua kichwa, baba Zuleha, bomba mbili, inakwenda Tanga. Mimi nikasimama nikapiga baragumu. Mwari aliwatambua yeye. Ile karatasi ya kushinda darubini ni yake, mimi nimeilalia tu.

Hata mwezi aliuona. Wingu lilifunguka kidogo sana jioni ile, akanivuta kanzu, akaninong'oneza uko pale. Wazee walikuwa wamekwisha kulishika neno la rada, nami nikaona haya kusema kwamba mke wangu kauona na mimi sikuuona, watu wasije wakajiuliza mengine. Kesho yake Adija alifunga peke yake. Alinipikia chakula cha mchana, akakaa kunitazama nikila, na hakusema neno lolote, hata leo hajalisema.

Sasa hivi Salumu, aliyekaa hapa anangoja barua, ananiambia kwamba Bwana Miwani bado anakwenda nyumbani kwangu kila alasiri kunywa kahawa. Anamwuliza Adija leo kuna nini baharini, naye anamjibu. Juzi mtambo umepata barua nyingine ya pongezi kutoka kwenu.

Kwa hiyo yale niliyoandika juu ya pwani kuwa wazi si kweli, na bahari msichimbe. Pwani inalindwa, haijawahi kulindwa vizuri zaidi, na mimi sihitajiki huko kwa kazi yoyote. Spea isiletwe huku, akiondoka yeye ndipo mtapofuka. Hoja zote nimezifuta mwenyewe. Limebaki ombi moja tu, na sina sababu ya serikali ya kuliunga mkono. Naomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nikamwombe radhi mke wangu.